Duara la Mwisho la Kinamasi cha Lwika

Subilaga alikuwa amepiga magoti juu ya mizizi ya mafunjo iliyofumana na kuelea, mkono wa kushoto umeng'ang'ania fimbo aliyoichomeka topeni, wa kulia unachota kwa kijiko. Alichota kidogo, kiasi cha kujaza kizibo cha chupa, kutoka juu kabisa ambapo tope lilikuwa laini kama uji uliopoa. Hakutaka kwenda chini zaidi. Chini kulikuwa na miaka ya zamani, na yeye alitumwa kuuliza habari za sasa.

"Kopo," alisema.

Masunga alimsogezea kopo bila kuinama sana, maana mgongoni alibeba Kisomeo, mashine ya kusoma tope, nacho kilikuwa kizito kama debe la maji. Mguu wake mmoja ulikuwa umezama hadi gotini.

"Dada Subi, tumebakiza mangapi? Huu mguu umeshakuwa mwenyeji huku. Nadhani ruba wameshaupa na jina."

"Machache."

"Machache yako nayajua. Mwaka jana uliniambia machache, nikarudi nyumbani mke wangu akanisalimia kama mgeni."

Subilaga alicheka kimya kimya, akasogea kwa magoti, akachota tena pembeni kidogo, halafu pembeni tena. Ukichota mahali pamoja unaweza kuangukia penye ua zima lililodondoka jana, na mashine ikaamini kwamba dunia yote ni ua hilo. Kwa hiyo alichota huku na huku, akakoroga yote katika kopo moja, kisha akalimimina katika mdomo wa Kisomeo, nao ukajifunga.

Wakangoja. Juu yao anga lilikuwa jeupe kama maziwa, kama lilivyokuwa kila siku tangu Pazia litandazwe kupunguza makali ya jua. Pazia lilirudisha mvua. Lakini pia lilipofusha kila jicho lililokuwa likiitazama nchi kutoka juu, na milimani lilishuka kama ukungu usioondoka, hata ndege yenyewe haikuona mbele ya pua yake. Ndipo watu wa Idara ya Urejeshaji wakarudi kwenye tope. Kila mmea unaotoa maua hutoa chavua, unga mwembamba kuliko vumbi. Upepo huubeba, na maji yaliyotulia huupokea. Kinamasi kilikuwa kimekaa pale mwaka mzima mdomo wazi, kikipokea.

Ndani ya Kisomeo tope lilioshwa, likachujwa, likatiwa asidi mpaka kila kilicho laini kikayeyuka. Chavua haikuyeyuka. Ganda lake hubaki pale ambapo mfupa umekwisha kuwa udongo. Subilaga aliinama kwenye lenzi, na kama kila mara, akasahau magoti yake.

Zilikuja zikielea kwenye rangi nyekundu. Ya nyasi, mviringo mtupu wenye tundu moja, kama jicho lililoshangaa. Ya mkaratusi, pembetatu iliyokatwa vizuri kama sambusa ya mwanasesere. Ya mafunjo, matone, matone, matone yasiyokwisha. Ya podo ilikuja na mifuko yake miwili ya hewa, kama kichwa chenye masikio makubwa, ingawa karibu hapakuwa na podo hata mmoja. Ilikuwa imesafiri kutoka milima ambayo mtu angeifikia kwa kutembea kutwa nzima. Imevuka mabonde, imevuka mawingu, ikaja kutua katika kijiko chake. Alikuwa akifanya kazi hii tangu alipokuwa msichana aliyejifunza kwa kuazima lenzi ya watu, na bado hakuizoea.

"Washa," alisema.

Masunga akabonyeza. Mwanga ukatoka kwenye Kisomeo, ukatanda juu ya maji, ukapanda. Katika weupe ule usioruhusu kuona hata mwisho wa kinamasi, nchi ikasimama. Mafunjo kwanza, hapa karibu. Nyuma yake duara la matete. Nyuma yake mikaratusi michache kwenye ukingo, na nyuma ya mikaratusi nyasi, nyasi ndefu zikiyumba mpaka miguuni mwa milima, na juu milimani mstari wa podo. Yote hayo kutoka katika kopo moja la tope.

"Mungu wangu," Masunga alinong'ona. Alishaona mara nyingi. Alisema hivyo kila mara.

Subilaga alijua kwamba tope halikusema hivyo lenyewe. Tope lingeachwa liseme lenyewe, lingesema mafunjo tu, kwa kuwa mafunjo yamesimama papo hapo yakijimwagia miguuni. Kisomeo kilikuwa na ufunguo. Zamani watu walichota tope la juu katika mamia ya vinamasi, kisha wakatembea kwa miguu wakizunguka kila kinamasi, duara ndani ya duara, wakitaja kila mmea waliouona kwa macho. Wakalinganisha. Wakajua nani hupiga kelele topeni na nani hunong'ona, nani hutoka mbali na nani hudondokea alipo. Kwa ufunguo huo Kisomeo kiliyapunguza mafunjo, kikairudisha podo milimani kwake, kikawakuza wanyonge.

"Nchi tupu," Masunga alisema, akitazama nyasi. "Wapandaji watafurahi. Tufunge ramani, twende tukale."

Wapandaji walikuwa wametua kwenye kilima cha kaskazini, mashine zenye mabawa na matumbo yaliyojaa mbegu. Hazikuwa na macho, kwa kuwa macho hayasaidii ndani ya ukungu. Zilikuwa na ramani. Palipoandikwa nyasi, zilimwaga mbegu za msitu wa haraka, miti ambayo kwa msimu mmoja hupita kimo cha nyumba na kuzima kila kilicho chini yake. Msitu huo uliirudisha mito. Mdogo wake Subilaga, huko bondeni, alikuwa bado anachimba mchanga wa mto kwa sufuria ili apate maji ya kupikia.

Alinyoosha mkono afunge. Kisha akatazama kwanza kikombe cha takataka.

Hiyo ilikuwa tabia yake tu. Kila Kisomeo kilikuwa na kikombe cha pembeni ambako kilitupa kisichokuwa chavua: masizi, mabawa ya wadudu, uchafu. Alitia tone moja chini ya lenzi. Akaongeza tone la pili, na la tatu, mpaka Masunga akaacha kulalamikia mguu.

"Kuna nini?"

"Vijimbegu vya kuvu inayoota juu ya samadi," alisema Subilaga. "Vingi. Na masizi."

"Samadi ya nini? Huku hakuna hata swala."

"Ndiyo ninalojiuliza. Ng'ombe wa nani hao?"

*

Kanuni ilisema ramani haifungwi mpaka maduara yote yatembewe. Haikuwahi kufutwa. Ila Kisomeo kilipokuwa hodari, watu wakaacha duara la mwisho, lile la mbali, wakasema mashine inatosha. Halafu wakaacha na la pili yake. Subilaga mwenyewe alikuwa ameliacha mara kadhaa, siku za mvua. Sasa alitoka kinamasini, akavaa viatu vikavu, akaanza kulitembea, na Masunga nyuma yake akihema chini ya mzigo.

Walipita ndani ya nyasi, kweli kulikuwa na nyasi. Walipita mikaratusi, ilikuwa pale pale iliposemwa. Kisha, ndani ya ukungu, kitu kipana kikamgusa Subilaga shavuni, baridi na kibichi. Aliinua mkono. Lilikuwa jani la mgomba.

Alisogea. Mgomba mwingine. Nyuma yake mwingine, na mwingine, ukuta mzima wa migomba uliopanda na kilima, na katikati yake mikuyu mikubwa yenye matunda mpaka kwenye shina, na chini ya mikuyu mapaa ya nyasi, moshi, ndama amefungwa, mtu anatwanga. Mwanamke mnene aliyebeba mkungu kichwani alisimama akawatazama, wala hakuutua mkungu.

"Mmepotea?" aliuliza.

"Shikamoo, mama," Subilaga alisema, kwa kuwa hakupata la kusema jingine.

"Marahaba. Nimeuliza kama mmepotea."

"Sijui bado."

Mwanamke yule alikitazama Kisomeo mgongoni mwa Masunga, na uso wake ukabadilika. Alikijua. Alitua mkungu taratibu, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala.

"Basi mmefika," alisema. "Naitwa Tumpe. Kaeni. Anayekuja kunihamisha simwachi na njaa."

Waliketi chini ya mkuyu, wakapewa ndizi za kuchemsha kwa maharage. Masunga alikula kama aliyeitwa harusini.

"Mama, na ugali hamna?" aliuliza mdomo umejaa. "Si kwamba nakataa. Nauliza tu."

Watu waliokuwa wamesogea kutazama waliangua kicheko, lakini Tumpe hakucheka.

"Tangu nimzae kitinda mimba wangu sijaonja ugali wa mahindi. Na sasa ana mke. Kulikuwa na wenzetu upande wa Itete, waliokimbia pamoja nasi wakati watu wanashushwa bondeni ili vyanzo vya maji viachwe. Hao walishindwa kuacha mahindi. Msimu mmoja tu. Mkaja." Alikinyooshea Kisomeo kidole. "Mkasema tope la kinamasi chao limewataja. Sisi tukang'oa kila shina. Mahindi yana mdomo. Mgomba hauna."

Subilaga aliacha kula.

Alikuwa amesoma yote hayo, kipande kipande, na hakuwahi kuyaweka pamoja. Mgomba wa kulimwa hauzai kwa mbegu. Ua lake huning'inia kubwa na zambarau, na chavua yake ni karibu hakuna. Mkuyu huficha maua ndani ya tunda, na nyigu mdogo kuliko punje ya mchele huingia humo kuyahudumia, upepo usijue. Maharage hujimalizia mambo ndani ya ua lake. Watu hawa walikuwa wamekaa kizazi kizima katika nchi iliyosomwa kila mwaka, wamezungukwa na mimea isiyotoa sauti, wakila kimya, wakilala chini ya kimya. Walichagua shamba lao kama mtu anavyochagua maneno mbele ya askari.

"Nani aliwafundisha?" aliuliza.

"Nani? Tulitazama," Tumpe alisema. "Mtu akipigwa, kilichokuwa mkononi mwake sisi tunakiacha."

*

Redio ilikoroma mchana ulipoegemea jioni. Alikuwa Bwana Kyando, msimamizi wa zamu kituoni, mtu mpole aliyeongea haraka.

"Subilaga, ramani ya Lwika sijaipata. Mbegu zimeshalowekwa. Kesho zikikaa matumboni zitaanza kuchipua, tutazitupa."

"Duara la mwisho halijatembewa, Bwana Kyando."

"Hakuna anayetembea duara la mwisho."

"Kanuni ipo?"

"Ipo, lakini jamani..." Akashusha pumzi. "Kuna watu bondeni wanasubiri mto. Unawajua kuliko mimi. Umeona kitu huko?"

Masunga alimtazama. Tumpe, aliyekuwa akimenya ndizi karibu, hakuacha kumenya, lakini kisu kilipunguza mwendo.

Subilaga aliyaona mambo matatu mbele yake. Kufunga ramani kama ilivyo, na kesho miti ya haraka ingeanza kuizima migomba hii, na paa, na ndama. Kusema alichokiona, na wapandaji wangepita mbali, lakini magari yangekuja kuwashusha watu hawa bondeni kwa heshima zote, kama walivyoshushwa wa Itete. Si wao tu. Akiufundisha ufunguo kusoma samadi na masizi, kila kopo lililowahi kuhifadhiwa lingesomwa upya, na wote waliojificha kokote wangetajwa siku moja. La tatu Masunga alikuwa ameshamnong'oneza wakati wa kula: tia podo kidogo kwenye kopo, dada, Kisomeo kitasema hapa tayari ni msitu, watatuacha wote. Nalo lilikuwa rahisi kuliko yote. Lakini kila kopo la tope la juu liliingia katika ufunguo wa vinamasi vyote. Uongo wa Lwika ungepindisha msitu mahali asipopajua, juu ya paa asiloliona.

"Uliza nikimaliza," alisema. "Nikisema nusu sasa hivi, nitakuwa nimekudanganya."

"Utamaliza lini?"

"Duara ni refu."

Redioni zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Mbegu zikifa nitaandika kwamba ni wewe," Kyando alisema hatimaye.

"Andika."

Alizima. Mbegu zile zilikuwa msitu mzima, na msitu ule ulikuwa maji ya mdogo wake. Hakujidanganya kuhusu hilo.

"Nataka kuona," Tumpe alisema ghafla.

"Kuona nini?"

"Hicho anachokiona huyo mdudu. Tumejificha mbele yake miaka yote, hata sura yake ya dunia siijui."

Masunga alisita. Subilaga akaitikia kwa kichwa, naye akabonyeza.

Mwanga ulitoka ukapanda kilimani. Nyasi zikaota katikati ya nyumba. Zilipita ndani ya migomba kama mgomba si kitu, zikapita ndani ya kinu na aliyekuwa akitwanga, ndani ya ndama aliyekuwa akinyonya, ndani ya wazee wawili waliokuwa wakibishana kuhusu kamba. Zilimfika Tumpe kifuani, dhahabu, zikiyumba kwa upepo ambao haukuwepo. Mahali iliposimama mikuyu palikuwa na weupe wa mbali na mstari wa podo juu ya milima. Hapakuwa na paa. Hapakuwa na moshi. Nchi ilikuwa nzima, safi, haijawahi kukanyagwa. Watu waliinua mikono yao wakaitazama ikiwa imezama katika majani yasiyo na uzito, na mtoto mmoja akaanza kucheka kwa furaha, akikimbia huku na huku akijaribu kuyakamata.

Subilaga alikuwa ameona picha hii mara nyingi kuliko alivyoona uso wake. Hakuwahi kuiona ikiwa na watu ndani. Alifikiria vinamasi vyote alivyovifunga siku za mvua, nyasi zote zile nzuri.

"Panapendeza," Tumpe alisema taratibu. "Sikujua kwamba pangekuwa pazuri hivi bila sisi."

Masunga alizima mwenyewe, bila kuambiwa, na migomba ikarudi, kijani na yenye maji.

"Ukimaliza hilo duara," Tumpe aliuliza, "utasema nini?"

"Nilichokiona. Siwezi vingine, mama, kazi hii haina maana nikisema vingine. Ila nitakisema hapa kwanza, kwenu wote mmekaa. Muwe mmeamua mnataka kuonwa au kuhama au nini, na nitakapokwenda kule nitakwenda na maneno yenu pamoja na yangu."

"Na wakikataa maneno yetu?"

"Wanaweza kukataa."

Tumpe alimtazama muda, kama anayepima mkungu kwa macho.

"Basi tembea taratibu," alisema.

"Sijui kutembea kwingine."

"Mimi shahidi," Masunga akadakia. "Huyu konokono humpita, tena humsalimia."

Safari hii Tumpe alicheka. Alifuta kisu kwenye khanga, akasimama, akaongoza mwenyewe kuelekea ukingo wa shamba, pale duara la mwisho lilipoingia. Subilaga alisimama mbele ya shina la kwanza, akasogeza kinasa sauti mdomoni.

"Mgomba," alisema. "Mmoja."

"Mgomba gani?" Tumpe alimkatiza. "Utasemaje mgomba, kama mtu anayesema mtu? Huyo mzuzu. Yule pale kisukari, alipandwa na marehemu kaka yangu. Ukitaja, taja."

Subilaga akarudia. Mzuzu, mmoja. Kisukari, mmoja. Walikwenda shina kwa shina, Tumpe akitaja, yeye akirudia, Masunga akiinua majani ili wapite. Watu wengine wakajiunga wakibishana kuhusu majina na nani alipanda nini, na mara mbili ilibidi warudi nyuma kusahihisha. Kwenye kilima cha kaskazini, ndani ya weupe, mashine moja ilijaribu mabawa yake, ikavuma kidogo, ikanyamaza.

Mwanga ulipokuwa mdogo mno kutofautisha jani na jani, walikuwa bado hawajafika hata kwenye mkuyu wa kwanza. Subilaga alichana utepe wa ganda kavu la mgomba, akaufunga kwenye shina walipoishia.

"Huyo ni mkono wa tembo," Tumpe alisema. "Hujamtaja."

"Kesho," Subilaga alisema. "Tutaanza naye."